Jinsi ya kutengeneza kopo la kusakia aksioni juu ya meza, hata kama huna sumaku

Mtu akisikia kuna maabara zinazosaka chembe ambazo hazijawahi kuonekana, hudhani lazima pawepo handaki la kilomita kadhaa na mitambo ya kugonganisha protoni. Aksioni, mojawapo ya chembe hizo, haihitaji hayo. Ukikitoa chombo chake kwenye sumaku na kwenye jokofu, kinachobaki ni kopo la shaba lenye antena ndani. Mimi ni fundi wa redio niliyeishia kusimamia masomo ya vitendo ya fizikia, na kila kundi jipya la wanafunzi nalipa kazi hii: tengenezeni kopo, lisikilizeni, kisha nithibitishieni kwamba hamjasikia kitu. Sehemu ya tatu ndiyo inayomaliza muda wa watu.

Utahitaji bati la shaba nyekundu lenye unene wa nusu milimita hadi milimita moja, lehemu, na tochi ya gesi, kwa sababu chuma cha kulehemu cha umeme hakifui dafu mbele ya bati kubwa. Shaba hulinyonya joto lote. Tafuta pia konekta mbili za SMA (viunganishi vidogo vya kebo za redio), VNA ndogo ya mkononi (kifaa kinachotuma mawimbi na kupima yanayorudi), amplifaya ya kelele ndogo inayofanya kazi karibu na gigahezi 1.4, na kile kipokezi kidogo cha USB kinachogeuza kompyuta kuwa redio. Hakikisha kipokezi chako kinafika angalau megahezi 1,500.

Unatafuta nini

Nyutroni haina chaji, lakini imeundwa na chembe ndogo zaidi, kwaki, zenye chaji. Kanuni za nguvu kali ya nyuklia zinaruhusu chaji hizo zisogee, chanya huku na hasi kule, hata nyutroni iwe na ncha mbili za umeme. Ukipima, huzioni. Kipimo kilichofanywa katika Paul Scherrer Institute, Uswisi, na kutangazwa mwaka 2020 kinasema kwamba kama mtengano huo upo, hauzidi 1.8 × 10⁻²⁶, tukipima kwa chaji ya elektroni mara sentimita. Hiyo ni sifuri inayotia shaka. Mwaka 1977 Roberto Peccei na Helen Quinn walipendekeza kwamba kuna uga unaojirekebisha wenyewe mpaka mtengano huo ufutike, na mwaka uliofuata Steven Weinberg na Frank Wilczek, kila mmoja kivyake, wakaonyesha kwamba uga huo lazima uje na chembe mpya nyepesi, ndiyo aksioni. Baadaye ikabainika kwamba chembe hiyo, ikiwa nyepesi sana, inafaa pia kuwa maada ya giza, ile maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu.

Kopo linaingia mwaka 1983, Pierre Sikivie alipoonyesha kwamba ndani ya uga mkali wa sumaku aksioni inaweza kugeuka kuwa fotoni. Fotoni hiyo huwa na nishati ya aksioni yote, kwa hiyo masafa yake yanatajwa na tungamo la aksioni: kila mikroelektronivolti moja ni megahezi 241.8. Tungamo halijulikani, kwa hiyo masafa hayajulikani. Ni kama kutafuta stesheni ya redio ambayo hujui iko wapi kwenye kipimo, haina mtangazaji, na huenda haipo kabisa.

Na bila sumaku? Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Kuna chembe nyingine ya kufikirika, jamaa wa karibu katika orodha ya washukiwa, inayoitwa fotoni ya giza. Hiyo, kama ipo, huchanganyika na fotoni ya kawaida bila kuhitaji sumaku. Kopo tupu la shaba juu ya meza tayari ni kifaa halali cha kuitafuta, dhaifu lakini halali. Kwa hiyo utakachofanya hapa si maigizo.

Kukata na kuviringa bati

Kopo la duara lina masafa yake ya asili. Mtindo tunaoutaka unaitwa TM010: uga wa umeme unasimama wima kutoka mfuniko hadi kitako, mkali kabisa katikati na sifuri ukutani. Masafa yake hayategemei urefu wa kopo hata kidogo. Yanategemea nusu kipenyo tu. Gawa 114.7 kwa nusu kipenyo katika mita, utapata megahezi. Mimi hutumia sentimita 8, ambayo inatoa megahezi 1,434, sawa na aksioni ya mikroelektronivolti 5.93. Ukikosea nusu kipenyo kwa milimita moja, masafa yatahama karibu megahezi 18. Si msiba, kwani hakuna anayejua stesheni iko wapi. Ila upime ulichopata, usitegemee ulichochora.

Kata bati lenye urefu wa sentimita 50.3 kwa mzingo, na upana wa sentimita 12 ambao ndio utakuwa kimo cha kopo. Kimo hicho nimekichagua kwa sababu. Kopo likiwa refu kuliko takriban kipenyo chake, mtindo mwingine uitwao TE111 unashuka chini ya TM010 na kuanza kukuvuruga. Kwa sentimita 12 mtindo huo uko karibu megahezi 1,664, mbali vya kutosha, na TM010 unabaki kuwa wa chini kuliko yote. Kilele cha kwanza utakachokiona ndicho chako.

Sasa jambo ambalo watu hulifanya kinyume. Wanafunzi hutumia nusu siku kung'arisha kiungo cha wima, pale ncha mbili za bati zinapokutana, kisha mfuniko wanaubandika harakaharaka. Fikiria mkondo unavyokwenda: katika TM010 mkondo wa ukutani unapanda na kushuka wima, halafu unasambaa kwenye mfuniko kutoka ukingoni kwenda katikati. Kiungo cha wima kiko sambamba nao, haukivuki. Hata kikiwa na ufa mwembamba, hasara ni ndogo. Lakini kiungo cha mfuniko na ukuta kinavukwa na mkondo wote, mzingo mzima. Hapo ndipo pa kutumia lehemu bila uchoyo upande wa kitako, na upande wa mfuniko unaofunguka weka mdomo wa bati uliokunjwa nje na skrubu nyingi, zikaribiane. Safisha pande zote mbili kwa msasa mwororo kisha kwa asidi ya limau, usuuze, ukaushe, na usiguse tena kwa vidole.

Shaba safi ya kopo hili, kwa halijoto ya chumbani, ingekupa Q ya takriban 27,000. Q ni kipimo cha mara ngapi wimbi linadunda kabla halijafa, na ndiyo pia inayosema kilele chako kitakuwa chembamba kiasi gani. Kopo la mkono hupata elfu chache. Ukipata 5,000 furahi. Kilele chako kitakuwa na upana wa kilohezi 287. Ukipata 500, rudi kwenye skrubu za mfuniko kabla hujalaumu kitu kingine chochote.

Antena mbili

Toboa mfuniko katikati kabisa na uweke konekta ya kwanza, sindano yake ikichomoza ndani. Hii ndiyo itakayobeba ishara. Anza na sindano ndefu, sentimita mbili hivi, kisha uikate kidogo kidogo huku ukitazama VNA. Unachotafuta ni bonde la mrejesho: kwenye masafa ya kopo, nguvu unayotuma inamezwa na hairudi. Bonde likifika chini kabisa, nusu ya nguvu inayozaliwa ndani ya kopo inatoka kwa antena na nusu inaishia kwenye kuta. Tazama pia chati ya Smith, ule mchoro wa duara wa VNA unaoonyesha mrejesho. Duara likizunguka kitovu, sindano bado ni ndefu. Likiwa dogo bila kukifikia, umekata kupita kiasi na utahitaji sindano mpya. Wanaosaka kwa kasi hupenda kuacha sindano ndefu kidogo kuliko hapo, kwa sababu kilele kinapanuka na unafagia masafa mengi kwa kila hatua, lakini kwa kuanzia lenga kitovu.

Konekta ya pili weka kwenye kitako, sindano ikichomoza milimita moja au mbili tu. Hiyo ni mlango wa siri wa kuingizia ishara za majaribio. Ipe kofia ya omu 50 ukiwa huitumii.

Kubadilisha masafa, toboa tundu jingine kwenye mfuniko, pembeni kidogo ya katikati, upitishe kijiti cha tefloni. Kijiti kikizama, masafa yanashuka. Maabara kubwa hutumia fito za shaba zinazozungushwa ndani ya kopo, na fimbo ya chuma inayokwenda kutoka ukutani kuelekea katikati huyapandisha masafa badala ya kuyashusha. Tefloni ni rahisi zaidi kwa mtu mwenye meza tu. Mradi kijiti kisicheze: kibane kwa skrubu, maana kikitikisika sehemu ya milimita, kilele kinatangatanga.

Kuna kutangatanga kwingine usikoweza kukuzuia. Shaba hupanuka kwa sehemu 17 katika milioni kwa kila digrii. Kwa masafa yetu hiyo ni kilohezi 24 kwa digrii moja. Chumba kikipoa usiku kwa digrii tano, kilele kimehama karibu nusu ya upana wake. Hewa nayo imekushusha karibu nusu megahezi ukilinganisha na ombwe. Kwa hiyo kila saa piga VNA mara moja, andika masafa, andika Q, andika halijoto. Binafsi sisomi daftari la jaribio lisilokuwa na safu ya halijoto.

Kuijua kelele yako

Mimi nikipewa siku kumi za kufundisha jambo hili, saba ningezitumia hapa. Aksioni haitakuja ikipiga kelele. Itakuja kama chembe ya ziada juu ya mchemko wa elektroni za shaba yenyewe, na mchemko huo lazima uujue kwa namba.

Kila kitu chenye joto hutoa kelele ya redio, na kiasi chake kinatajwa kwa kelvini. Kopo lako liko kwenye kelvini 295 hivi. Amplifaya nzuri huongeza kelvini 35 ikiwa maelezo yake yanasema desibeli 0.5, au 75 ikiwa yanasema desibeli 1. Usiamini maelezo. Pima: chomeka kizuizi cha omu 50 kwenye amplifaya kikiwa na joto la chumba, andika nguvu, kisha kizuizi hichohicho kikiwa kimezamishwa kwenye nitrojeni kimiminika, kelvini 77, andika tena. Uwiano wa nguvu mbili unakupa kelele ya amplifaya kwa hesabu ya mstari mmoja. Kwa mfano amplifaya ya kelvini 50 inatoa (295+50) gawa kwa (77+50), yaani 2.72. Fungua madirisha, maana nitrojeni inayochemka hufukuza oksijeni chumbani bila harufu wala onyo, na vaa miwani. Kama huna nitrojeni, maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka vinaweza kutumika. Uwiano utakuwa mdogo na kosa lako kubwa, ila ni bora kuliko kuamini karatasi ya muuzaji.

Tuseme jumla ni kelvini 350. Weka kipokezi kichukue sampuli milioni 2.4 kwa sekunde na ugawe spektra vipande 2,048. Kila kipande kitakuwa na upana wa kilohezi 1.17. Upana huo haukuja kwa bahati. Aksioni za maada ya giza zinatembea ndani ya galaksi kwa kasi ya kama sehemu moja ya elfu ya kasi ya nuru, na mtawanyiko wa mwendo huo unapanua ishara kwa sehemu moja katika milioni. Kwa megahezi 1,434 hiyo ni kilohezi 1.4. Kipande kikiwa kipana mno unaingiza kelele ya bure; kikiwa chembamba mno unaigawa ishara vipandevipande.

Kelele ndani ya kipande kimoja ni takriban 5.7 × 10⁻¹⁸ wati. Ukichukua wastani wa spektra nyingi, mtetemo wa kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kanuni hii Robert Dicke aliiandika mwaka 1946 na bado ndiyo inayotawala kazi hii nzima. Kwa dakika moja unaweza kuona ishara ya kama 10⁻¹⁹ wati kwa uhakika wa sigma tano, yaani mara tano ya mtetemo wa kawaida wa kelele. Kwa saa moja, 1.4 × 10⁻²⁰. Ukitaka kushuka mara kumi zaidi, ngoja saa mia.

Mambo mawili ya kipokezi hayaandikwi kwenye maboksi. La kwanza ni saa yake ya ndani. Kosa la sehemu moja katika milioni ni kilohezi 1.4, yaani upana mzima wa ishara yako. Fuwele ya saa ya bei ya chini hutembea zaidi ya hapo ikipata joto, na ishara halisi itapakwa juu ya vipande vingi mpaka ipotee. Tafuta kipokezi chenye fuwele inayofidia joto, na ukiwashe mapema kipate utulivu. La pili ni kile kisu kilichosimama katikati ya spektra, ambacho ni kasoro ya mtambo. Usiweke kilele cha kopo hapo. Sogeza kitovu cha kipokezi kilohezi mia kadhaa pembeni.

Halafu ongeza ukuzaji mpaka kelele ya amplifaya itawale ile ya kipokezi, usizidishe hapo. Namba za biti nane zikifika ukingoni, spektra yote inakuwa uongo unaopendeza macho.

Ukiona kilele

Utaona vilele. Vingi. Jirani zako kwenye masafa haya ni satelaiti, simu, saa ya ndani ya kompyuta yako na vijukuu vyake (masafa yanayozaliwa nayo), na chaja. Funga kopo lote na amplifaya ndani ya sanduku la alumini, ziba viungo kwa utepe wa shaba, lisha amplifaya kwa betri, na uondoe chaja yoyote chumbani. Vitakavyobaki vifanyie maswali, kwa utaratibu huu ambao sijawahi kuona ukikosa kazi.

Badilisha kitovu cha kipokezi kwa kilohezi mia. Kilele kikihama pamoja nacho, kimezaliwa ndani ya kipokezi, kifute. Kikibaki pale pale, chomoa kopo uweke kizuizi cha omu 50. Kikiendelea kuonekana, kinaingia kwa kebo au kwa amplifaya. Kikipotea, rudisha kopo na usogeze kijiti cha tefloni. Ishara inayozaliwa ndani ya kopo hukaa kwenye masafa yake lakini inafifia kadiri kilele cha kopo kinavyoiacha, kwa umbo lilelile la kilele ulilolipima kwa VNA. Kisichofuata umbo hilo hakikuzaliwa ndani. Baada ya hapo weka antena ya nje ya sanduku na kipokezi cha pili: kikisikika nje kwa nguvu, unajua kilikotoka.

Na kabla ya yote hayo, hesabu bahati. Ukifagia megahezi 20, una vipande kama 17,000. Kelele peke yake itavuka sigma tatu katika vipande 23 hivi bila aksioni wala fotoni ya giza kuhusika. Kwa hiyo sigma tatu maana yake ni "rudia hapo", hakuna zaidi. Rudia kwenye vipande hivyo tu, kwa muda ule ule; karibu vyote vitazama.

Mwenye sumaku ana silaha moja kali kuliko hizi zote: anaizima. Nguvu ya ishara ya aksioni hufuata mraba wa uga wa sumaku. Uga ukishuka hadi nusu, ishara lazima ishuke hadi robo. Wewe na fotoni yako ya giza hamna swichi hiyo, kwa hiyo kuwa mkali mara mbili.

Usidhani ukali huu ni wa wanafunzi. Mwaka 2006 jaribio la PVLAS nchini Italia lilitangaza kwamba nuru ya leza inageuza kidogo mwelekeo wa mtetemo wake ikipita kwenye uga wa sumaku, na wengi wakaiona chembe mpya. Watu wakajenga majaribio ya kupitisha nuru ukutani ili kuikamata, hawakuikamata, na PVLAS wenyewe walipoboresha mtambo wao hawakuiona tena. Mwaka 2020 XENON1T, mtambo wa kusaka maada ya giza uliokuwa chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, ulihesabu matukio 285 pale ulipotarajia 232, na aksioni kutoka kwenye Jua ikawa mojawapo ya maelezo yaliyotajwa, pamoja na uwezekano wa mabaki ya tritiamu (hidrojeni yenye mionzi). Mtambo uliofuata, XENONnT, haukukuta ziada hiyo mwaka 2022. Vikundi vyote viwili vilifanya kazi inavyopaswa kufanywa: walitangaza, wakapima upya, wakasema.

Jaribio la ishara ya siri

Kabla hujaamini kwamba hujaona kitu, mtu mwingine akufiche kitu. Mpe mwenzako jenereta ya mawimbi na vipunguzi, aingize kwa ule mlango wa kitako ishara ya masafa anayoyajua yeye tu, kwa nguvu ya 10⁻¹⁹ wati ndani ya kopo, kisha anyamaze. Kiasi kinachopotea kwenye mlango ule mlishakipima kwa VNA. Jihadharini, nguvu hiyo ni ndogo kiasi kwamba jenereta yenyewe inaweza kuvuja hewani zaidi ya inachopitisha kwenye kebo. Iwekeni nje ya chumba, na mjaribu kwanza kebo ikiwa imechomolewa.

Ukiikuta ishara kwenye masafa sahihi na nguvu sahihi, mnyororo wako unafanya kazi, na ukimya wako una maana. Usipoikuta, ukimya wako hauna thamani yoyote, hata ungekuwa wa mwezi mzima. ADMX, jaribio kubwa la makopo lililoko University of Washington, huwaficha wachambuzi wake ishara za bandia kwa njia hiyohiyo.

Kinachotenganisha meza yako na ADMX

Tufanye hesabu, maana ni tamu. Kopo lao lina ujazo wa lita zaidi ya mia, liko ndani ya sumaku ya karibu tesla 8, na hata hivyo nguvu ya aksioni wanayoitarajia ni ya kiwango cha 10⁻²³ wati. Chukua ishara hiyo karibu gigahezi 1, upana kilohezi 1, na kelele ya jumla ya nusu kelvini. Kelele katika kipande ni kubwa kuliko ishara mara 690. Kufika sigma tano unahitaji kama saa 3 na dakika 18 kwenye sehemu moja ya kipimo. Sasa pandisha kelele hadi kelvini 5: muda unakua mara mia, siku karibu 14 kwa sehemu ileile. Kwa kelvini 350 za meza yangu, hesabu ifanye mwenyewe uone kama utastaafu kabla ya kusogeza kijiti.

Ndiyo maana pesa yote inakwenda kwenye ubaridi na amplifaya. Kopo la ADMX hupozwa hadi sehemu ya kumi ya kelvini hivi, na amplifaya zao ni saketi za kwanta. Mwaka 2018 walitangaza kwamba, kwa megahezi 645 hadi 680 hivi, wamefikia unyeti wa kuikamata hata aksioni ya modeli iitwayo DFSZ, iliyo ngumu zaidi kuikamata. Hawakuikuta. Tangu hapo wamekuwa wakipanda. Ukipanda, kopo linasinyaa: kwa gigahezi 10 nusu kipenyo ni sentimita 1.15, ujazo umekwisha, na kelele ya chini kabisa ambayo kwanta inaruhusu kwa amplifaya ya kawaida inafika karibu nusu kelvini hata ukipoza kila kitu. Kundi la HAYSTAC kule Yale lilitangaza mwaka 2021 kwamba limekwepa sehemu ya kikomo hicho kwa kuibana kelele ya kwanta upande mmoja, na kasi ya kusaka ikawa mara mbili. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika uwanja huu, na haikuhusu sumaku kubwa.

Wengine hawatumii makopo. Jaribio la CAST kule CERN lilielekeza sumaku ya mfano ya LHC, kiongeza kasi kikubwa cha chembe, yenye urefu wa mita tisa na ushee, kwenye Jua wakati wa macheo na machweo, likisubiri aksioni zigeuke mionzi ya eksi. ALPS II, Hamburg, iliyoanza mwaka 2023, inapiga leza kwenye ukuta na kungoja fotoni upande wa pili, kwa sumaku 24 za kiongeza kasi cha zamani cha HERA. Haya hayafanyiki juu ya meza, nayaacha.

Kuandika kikomo chako

Ukimaliza bila ishara, una matokeo. Kwa kila kipande, chukua nguvu ambayo ungeiona kwa sigma tano, ukumbuke kuipandisha pale kipande kilipokuwa mbali na kilele cha kopo, na uigeuze kuwa kikomo cha mchanganyiko wa fotoni ya giza. Utahitaji ujazo (lita 2.4), Q uliyopima antena ikiwa imeunganishwa, kigezo cha umbo cha TM010 ambacho kwa kopo tupu ni 0.69, na msongamano wa maada ya giza unaotumiwa na makundi mengi, gigaelektronivolti 0.45 kwa sentimita ya ujazo. Kwa kuwa hujui fotoni ya giza imeelekea wapi, gawa kigezo cha umbo kwa tatu. Kwa saa moja ya kusikiliza na Q ya 5,000, kikomo kinaangukia karibu 10⁻¹³. Maabara kubwa ziko chini yako mara mia na zaidi pale walipokwisha kufagia. Chora hata hivyo, na uweke alama pale ulipofuta vilele vya satelaiti, kwa sababu hapo hukuangalia kitu.

Na kabla hujafungua mfuniko kwenda kuazimisha skrubu, piga VNA mara ya mwisho kijiti kikiwa pale pale kilipo, uhifadhi faili pamoja na zile za usiku.